Sehemu Iliyoitwa Hilaria

Korogwe, masika ya 1998

Machi 9, Jumatatu
Mvua imeanza mchana. Si ile ya Januari iliyobeba madaraja, hii ni masika yenyewe, ya kunyesha na kupumzika.

Katibu wa hospitali, Bwana Simeo, ameniita ofisini. Wafadhili wachache tuliobaki nao wametoa sharti: kabla ya Julai programu ya kompyuta ya kufuatilia wagonjwa wa kifua kikuu iondolewe, iletwe mpya iliyonunuliwa Dar es Salaam. Ya zamani inaandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, na ukifika mwaka elfu mbili itadhani dunia imeanza upya. Kazi yangu ni kueleza kwa maandishi ya zamani inafanya nini na inafanyaje, ili mtaalamu wa Dar ajue pa kuanzia.

Nikamuuliza, na mimi nitaelezwa na nani? Aliyeiandika ni Mzee Laurenti, na Mzee Laurenti aliangushwa na kiharusi mwanzoni mwa mwaka. Hakikumuua. Kimemwachia upande mmoja wa mwili na neno moja.

Machi 10, Jumanne
Nimejaribu kuielewa kwa maneno mepesi kwanza, kama namweleza mama. Mgonjwa wa kifua kikuu anameza dawa miezi minane. Akipata nafuu anaacha, na akiacha ugonjwa unarudi mkali kuliko mwanzo. Kwa hiyo kila Jumatatu programu inatafuta nani hajaja kuchukua dawa, inachapa majina, na Hashim, mhudumu wetu wa kufuatilia wagonjwa, anapanda pikipiki kuwafuata makwao. Basi. Hiyo ndiyo kazi yake tangu mwaka themanini na saba.

Lakini ndani ni kichaka. Sehemu hii ya programu inaita ile ije ifanye kazi, ile inaita nyingine, nyingine inarudi kuita ya kwanza. Maelezo hakuna hata mstari. Na badala ya kuzipa sehemu majina ya kazi zake, mzee amezipa majina ya watu wa nyumbani kwake. EFRAZIA ni mkewe, ndiye anaita wengine wote. FILEMONI ni mwanawe aliye Moshi, anahesabu tarehe. Nimecheka peke yangu ofisini.

Machi 12
Umeme hakuna kutwa.

Machi 16, Jumatatu
Nimepata wazo. Kwenye kozi ya Dar mwaka jana tulifundishwa kutengeneza kurasa zenye viungo, zile za intaneti. Hapa intaneti hatuna, hata simu ya Bwana Simeo inakoroma tu. Lakini kurasa zenyewe hazihitaji simu, zinakaa ndani ya kompyuta. Kila sehemu ya programu nitaipa ukurasa wake. Popote jina la sehemu nyingine linapotajwa nitaligeuza kiungo: ukilibonyeza, unafika kwa mwenye jina. Na chini ya kila ukurasa nitaandika nani anaiita sehemu hiyo, ili mtu aweze kurudi alikotoka. Hapo kichaka kitakuwa na njia za miguu.

Hashim alipita kuchukua majina yake ya wiki. Akasimama nyuma yangu na kikombe cha chai.
"Dada Fausta, siku hizi unacheza gemu?"
"Nafanya kazi. Wewe je?"
"Nasubiri petroli."
Hashim kila siku anasubiri kitu. Petroli, tairi, mvua ikatike. Sijawahi kumwona ana haraka.

Machi 19
Nimekwenda Manundu kwa Mzee Laurenti. Nilikuwa namwogopa tangu nilipoajiriwa, maana alikuwa mkali, ukikosea tarehe anakurudishia karatasi bila kukutazama. Leo nimemkuta barazani amefunikwa kitenge, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake.
"Shikamoo mzee."
"Kesho," akasema.
Mama Efrazia akasema, "Amesema marahaba."
Nikamweleza kazi niliyopewa na zile kurasa. Alinisikiliza akinitazama mdomo. Nilipomaliza akapiga kiti kwa mkono wa kushoto. "Kesho! Kesho, kesho!"
"Anataka kwenda," mama akasema. "Nitamleta."

Machi 23, Jumatatu
Wamekuja! Mama Efrazia amemkalisha nyuma ya baiskeli, akaisukuma yeye mwenyewe kutoka Manundu kwenye tope. Nilimwekea mzee kipanya cha kompyuta upande wa kushoto. Kilimtoroka mara kadhaa, kisha akakizoea.

Akabonyeza EFRAZIA. Ukurasa ukafunguka. Akabonyeza FILEMONI, akafika. Akarudi. Akabonyeza tena, akaenda, akarudi, na machozi yakaanza kumtoka huku anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mtu ambaye hawezi kuomba maji alikuwa anaweza kunichukua kutoka mahali hadi mahali ndani ya kichwa chake.

Tumefanya kazi hivi: anaweka mshale kwenye mstari, mimi nabahatisha unafanya nini. "Kesho" ya chini, ndefu, ni ndiyo. "Kesho" ya kukata ni hapana, mjinga wewe. Nikipatia naandika pembeni mwa ukurasa.

Machi 24
Amekuja tena. Sehemu nne.

Machi 26
Mvua. Hawakuja.

Machi 27
Mvua.

Machi 30, Jumatatu
Leo nimegundua kitu. Kuna sehemu inaitwa HILARIA. Inaitwa mara moja tu, kutoka kwenye sehemu ya kutafuta waliokosa dawa. Mzee akifika kwenye jina hilo mshale unasimama, halafu anageuka. Nikadhani hajaliona. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema "kesho", lakini si ya chini wala ya kukata. Sikuielewa. Mama Efrazia akasimama, akaanza kumfunga kitenge mabegani, akasema mzee amechoka.

Aprili 3, Ijumaa
Nimemkuta Mama Efrazia sokoni Manundu akinunua dagaa. Nilimsaidia kubeba kikapu, na njiani nikamuuliza Hilaria ni nani.

"Ni binti yetu," akasema. "Alikuwa nesi kwenye kituo chetu cha afya cha Kabuku. Alikufa kwa uzazi, yeye na mtoto, mwaka tisini na tatu. Tulimzika Magoma."
Nikampa pole. Tukaendelea hadi karibu na kwake.
"Baba yake hakulia," akasema. "Alikwenda kazini siku ya tatu. Na mwaka uliofuata wafadhili wakaondoka, kituo cha Kabuku kikafungwa. Tangu hapo hata basi la Dar hapandi, kwa sababu linapita hapo."

Aprili 8, Jumatano
Idd. Hashim na Waislamu wengine wako mapumzikoni, ofisi ni yangu peke yangu. Nimeifungua HILARIA. Nimesoma mara nyingi kwa kuwa sikutaka kuamini.

Naandika polepole nisikosee. Wafugaji wa Handeni wanahama kiangazi, wanafuata maji na majani. Mgonjwa akihama, kumfuata kutoka Korogwe ni shida. Ndipo mzee akaandika HILARIA: mgonjwa akihamia upande wa Kabuku, programu inaliondoa jina lake kwenye majina ya Hashim na kuliweka kwenye faili la Kabuku. Kila wiki faili hilo lilikuwa linakwenda Kabuku kwa disketi, na nesi wa huko, yaani Hilaria mwenyewe, anamtafuta mgonjwa. Mpango mzuri kabisa. Baba na binti walikuwa wanapokezana wagonjwa.

Kisha binti akafa, na kituo kikafungwa, lakini sehemu ile haikuguswa. Programu haijui kwamba mtu amekufa. Imeendelea kila Jumatatu, miaka yote hii, kuwatoa waliohama kwa Hashim na kuwapeleka kwa Hilaria. Faili lipo. Nimelifungua. Nimeshuka nalo chini na chini, majina hayaishi. Ya Kimaasai, ya Kizigua, ya wanaume, wanawake, watoto.

Mzee alijua? Hilo ndilo linanisumbua. Aliiandika kwa mkono wake. Siku ile kituo kinafungwa angekaa dakika chache tu na kuibadilisha. Ila kuibadilisha kungekuwa kulifuta jina la bintiye. Labda alisema atafanya wiki ijayo. Labda alijizuia hata kufikiri. Sijui, na hawezi kuniambia.

Aprili 9, Alhamisi
Nilimwonyesha Hashim kabla hata hajavua koti la mvua. Alisoma amesimama. Akavuta kiti. Akaanza kusoma kwa sauti, na kila jina analijua.
"Huyu nilimpeleka mwenyewe kwa mganga mkuu. Huyu mtoto wake alikuwa na jicho moja. Huyu... Fausta, hawa wote nilijua wamepona."
"Kwa nini ulijua hivyo?"
"Kwa sababu majina yao hayakuja tena!" Akapiga meza. "Jina lisipokuja, mtu amemaliza dawa. Si ndivyo tulivyoambiwa?"

Akafika kwenye jina la Nemayian, mwanamke wa nje ya Mkata. Aliandikishwa Septemba, akahamia huko Novemba.
"Huyu ni wa juzi," Hashim akasema. "Alikuwa ananicheka ninavyoendesha. Huyu bado tunaweza kumwahi."

Tukaenda kwa Bwana Simeo. Nilitegemea aanze kusema habari za ripoti na wafadhili. Alisoma, akavua miwani, akasema pikipiki ijazwe petroli iliyowekwa kwa ajili ya jenereta. Kisha akasema: "Mzee Laurenti asiambiwe. Alichobakiwa nacho ni kidogo sana."

Sehemu yenyewe nimeibadilisha mchana, waliohama wabaki kwenye majina ya Hashim. Mistari mitatu. Nilikuwa nimezungukwa na viungo pande zote, nikajua kila mahali patakapoguswa. Kazi iliyohitaji kufanywa miaka minne iliyopita imechukua muda wa kupoa chai.

Aprili 10
Ijumaa Kuu. Sikuweza kuimba.

Aprili 15, Jumatano
Nimerudi na matope hadi kiunoni. Nilimwomba Hashim nimfuate Mkata, akakataa, nikapanda nyuma ya pikipiki hivyo hivyo.

Tulipita Segera, tukapita Kabuku. Hashim alipunguza mwendo akanionyesha kwa kidevu: jengo lenye bati jekundu, sasa mtu anauza humo simenti. Baada ya Mkata tuliacha lami. Pikipiki ilizama, tukaisukuma, ikazama tena. Hashim, ninayemsema kwamba kila siku anasubiri, aliibeba mbele, mimi nyuma, tukavuka kijito. Hakusema neno juu ya petroli wala tairi.

Boma la mume wa Nemayian, mzee Sironka, liko kwenye mwinuko. Alikuwa amesimama langoni kana kwamba alitusikia tangu barabarani. Hashim akamsalimu kwa Kimaasai, "Supai." Sironka aliitazama pikipiki, akamtazama yeye.
"Sasa ndiyo unakuja," akasema kwa Kiswahili.
"Mzee, tumekuja kumwona Nemayian."
"Nemayian hayupo. Amefariki kwenye mvua ile kubwa."

Hashim akavua kofia. Mimi sikujua nishike nini. Binti mmoja alitoka nyumba ya pili akabaki mlangoni, msichana mkubwa, shuka limemzidi mwili. Akakohoa, akageuza uso.

"Tulipohama alikuwa amebakiza dawa kidogo kwenye bahasha," Sironka akasema. "Zikaisha. Nikamwambia twende Korogwe. Akasema hapana, yule mtu wa hospitali alisema atanifuata popote nitakapokuwa. Kila siku anasikiliza barabarani. Ikipita pikipiki ya mtu wa mkaa, anasimama."
Hashim alikuwa analia bila kujificha.
"Nilimwambia hivyo," akasema. "Ni kweli nilimwambia."

Nikaeleza. Nikasema kosa si la Hashim, nikasema mashine, nikasema kituo kilifungwa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia jinsi maneno yangu yalivyo mepesi. Sironka aliniacha nimalize.
"Mashine," akasema. "Haya."
Nikaomba binti yake, Siamanta, apimwe makohozi. Akasema hapana, alishatukabidhi mmoja. Akaingia ndani.

Njiani kurudi, huko Kabuku, Hashim alisimama tukanywa chai ya rangi kwenye kibanda, tukiwa tumeligeuzia mgongo jengo lile.

Aprili 20, Jumatatu
Hashim amemleta mzee Loishiye, mmoja wa wale wa faili la Kabuku, kutoka Kwamsisi, amemfunga mgongoni kwa shuka kama mtoto. Amekonda hadi masikio yameonekana makubwa, lakini anapumua na anatukana kila anayemgusa. Amelazwa.

Kwa wengine aliowafuata Hashim tangu wiki iliyopita ameambiwa mahali palipo kaburi.

Aprili 22, Jumatano
Nilikuwa nimeamua kumtii Bwana Simeo. Lakini Mama Efrazia alimleta mzee leo, jua limetoka, naye akakaa kwenye kiti, akashika kipanya, na bila kugeuka popote akaenda moja kwa moja kwenye HILARIA.

Nikamwangalia mama. Nilikuwa nimemweleza juzi habari ya faili lile, sikuweza kubaki nayo peke yangu.
"Mwache," akasema. "Anaijua njia."

Kwenye ukurasa ule nilikuwa nimeandika yote pembeni, kama ninavyoandika kwenye kurasa nyingine: sehemu hii inafanya nini, iliacha lini kuwa na maana, nini kimetokea. Nimeandika jina la Nemayian. Mzee anasoma polepole siku hizi, kidole kinatembea kwenye kioo cha kompyuta. Nilisikia bomba la mvua linadondosha nje. Kidole kikafika mwisho. Akakirudisha juu, akasoma tena.

Halafu akalia. Kilio kilichoanzia mbali tumboni, cha mtu aliyekwenda kazini siku ya tatu baada ya maziko. Mama Efrazia alimshika kichwa akakiweka kifuani kwake, na yeye analia.

Hashim alikuwa ameingia kuchukua majina mengine ya faili lile. Alisimama mlangoni na koti lake. Mzee alipomwona alijinyoosha. Akagonga kioo kwa kidole, juu ya jina HILARIA. Akamwelekezea Hashim kidole. Akagonga kioo tena.
"Kesho," akasema.
"Mzee, unataka jina libadilike? Sehemu iitwe Hashim?"
"Kesho." Ya chini, ndefu.
Hashim akasema, "Hapana mzee, jina la marehemu liache," lakini mzee alikwisha kukisukuma kipanya upande wangu. Nikaandika upya. Popote penye kiungo jina likabadilika. Mzee akavipitia vyote, kimoja kimoja, kuhakikisha hakuna nilichosahau. Alikuwa yule yule mkali wa zamani.

Aprili 24
Hawakuja. Mvua.

Aprili 29
Mama Efrazia amekuja peke yake kusema mzee hali chakula vizuri.

Mei 6, Jumatano
Mzee Laurenti amefariki alfajiri. Kiharusi cha pili.

Mei 8, Ijumaa
Tumemzika Magoma, ng'ambo ya mahindi, kando ya binti yake. Mvua ilisubiri mpaka padri amalize. Bwana Simeo alisoma maisha ya marehemu, akasema aliwatumikia wagonjwa miaka kumi na moja, na sauti yake haikutikisika hata kidogo, nikamshukuru kwa hilo. Hashim aliomba kushika sepetu na hakuiachia mpaka kaburi lilipojaa.

Mama Efrazia aliniita pembeni. "Yale yaliyotokea usiyafute kwenye kurasa zako," akasema. "Na mazuri yake usiyafute." Nikaahidi. Sikumwambia kwamba sijui kama kuna atakayezisoma.

Mei 18
Hakuna la kuandika. Loishiye ameomba ugali.

Juni 8, Jumatatu
Mtaalamu wa Dar amefika, Bwana Athuman, mtu mpole, si kama nilivyomtegemea. Nilimwonyesha kurasa. Alizipitia asubuhi nzima, akasema hajawahi kuona programu ya zamani imeelezwa namna hii. Lakini mpya imeshatengenezwa, ni ile ile wanayoiuza kila hospitali, haibadilishwi.
"Mgonjwa akihama?" nikamuuliza.
"Unabadilisha anwani."
"Akiwa na mahali patatu kwa mwaka?"
Akatafuta. Akafungua dirisha hili na lile la programu. "Anwani ni moja tu, dada yangu," akasema, na niliona anasikitika kweli. "Nitawaambia ofisini. Labda toleo lijalo."

Juni 12
Kompyuta ya zamani imepelekwa stoo. Ya kurasa zangu wamenibakizia.

Juni 17, Jumatano
Mvua zimekwisha. Asubuhi niliona watu wawili wamesimama kando ya ukuta wa kliniki: Sironka, na nyuma yake Siamanta, amejifunga shuka hadi mdomoni. Wametoka Mkata kwa lori la mahindi.

Sikuuliza kilichombadilisha. Makohozi yamepimwa. Ni kifua kikuu. Sironka alipoambiwa aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayesomewa barua ambayo ameshaisoma. Binti akameza vidonge vyake vya kwanza mbele ya Hashim, vikamkwama, akanywa maji, akameza tena.

Nikakaa kwenye programu mpya kumwandikisha. Jina. Umri. Anwani. Sironka akasimama mezani kwangu.
"Andika," akasema. "Sasa tuko Mkata. Kiangazi tutakuwa Kwamsisi. Maji ya Kwamsisi yakikauka tutateremka bonde la Mligaji. Mvua zikianza tunarudi. Umeandika?"

Nilikuwa nimeandika Mkata. Kisanduku kimejaa hapo, hakipokei zaidi. Ningeweza kusema ndiyo. Nikamwambia ukweli, kwamba mashine hii inapokea mahali pamoja tu. Nikasema nitaandika pembeni kwenye karatasi.

Akamgeukia Hashim aliyekuwa anafunga bahasha za dawa, akamshika mkono.
"Wewe," akasema. "Sema."
Hashim akaweka bahasha chini. "Sasa Mkata. Kiangazi Kwamsisi. Kisha bonde la Mligaji. Mvua, Mkata."
"Tena."
Hashim akasema tena. Foleni ilikuwa ndefu, watu walianza kunung'unika, nesi akachungulia. Sironka hakumwachia mkono. Alimtaka arudie tena na tena mpaka akaridhika, na Siamanta, aliyekuwa kwenye benchi amefumba macho, midomo yake ilikuwa inayataja majina yale ya mahali pamoja na Hashim.